Majani Kwanza, Mnyama Baadaye

Wengi wetu tukipata hela ya mavuno au mkopo wa kikundi huenda mnadani wiki hiyo hiyo, tukarudi na ng'ombe, ndipo tunaanza kuulizana atakula nini. Vidokezo hivi vinaanzia upande wa pili. Vimeandikwa kwa ajili ya familia yenye ekari moja au mbili, inayotaka mayai, maziwa, samadi na mnyama wa kuuza ada ya shule ikikaribia. Mifano mingi ni ya Tanzania, ila mfugaji wa Kakamega naye atajikuta humu.

1. Pima kiangazi chako

Mwezi wa Aprili kila mtu ana majani. Jiulize kuhusu Septemba na Oktoba, visima vinaposhuka na kingo za barabara zimeshakaushwa na jua. Hesabu ya haraka ni hii: mnyama anayecheua hula majani mabichi kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake kila siku. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 atataka kilo 40, pamoja na maji ndoo tatu au nne za lita 20, na zaidi kama anakamuliwa vizuri. Mbuzi wa kilo 45 atashiba kwa kilo nne na nusu. Kwa mzigo wa ng'ombe mmoja, basi, mbuzi wanane wanakula.

Fanya hesabu hiyo ukiwa umesimama shambani, si sebuleni. Ukiona jibu linategemea bahati, shuka ngazi moja: badala ya ng'ombe chukua mbuzi, badala ya mbuzi chukua kuku. Ng'ombe mmoja anayekonda hataleta heshima yoyote nyumbani, na maziwa yake hayatatosha hata chai.

2. Panda kabla hujanunua

Mabingobingo yapande mvua za kwanza zinapoanza, kwenye kingo za makinga maji na mipakani, kisha yape miezi mitatu au minne kabla ya kuyakata. Yakate yakifika urefu wa mita moja hivi. Ukiyaacha yakomae na kuwa miti, mnyama atashiba bila kupata lishe. Ng'ombe mmoja anahitaji kati ya nusu ekari na ekari nzima ya majani haya, kutegemea mvua na samadi unayorudisha shambani.

Kando yake panda lukina, ambayo ina protini nyingi na hubaki kijani nyasi zinapokauka. Isizidi theluthi moja ya chakula, maana ina sumu inayomdhuru mnyama akilishwa hiyo tu. Majani ya muhogo yaanike kwanza. Ya parachichi usimpe mbuzi wala sungura.

Mabua ya mahindi na maganda ya maharage ni akiba, kwa hiyo usiyachome. Yaweke juu ya kichanja chini ya paa, yasilowe. Wachagga wa Kilimanjaro wameishi hivi vizazi kwa vizazi kwenye vihamba vyao: migomba na kahawa juu, ng'ombe bandani, majani yanabebwa hadi kutoka tambarare, samadi inarudi kwenye migomba. Ukitaka kujifunza kubana eneo, tembelea kihamba.

3. Anza na kuku, na anza na chanjo

Kuku wa kienyeji anasamehe mengi. Asichosamehe ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu hauna tiba, na mara nyingi hushika kasi wakati wa kiangazi. Unaweza kulala na kuku thelathini ukaamka na watatu. Kinga yake ni rahisi kiasi kwamba inaniuma kila ninapoona banda limebaki tupu: chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku mkubwa na kifaranga sawasawa. Chanjo hii inavumilia joto kuliko nyingine, hata hivyo ibebe kwenye ubaridi na uikinge na jua.

Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo panga siku na majirani mchangiane. Hilo lina faida nyingine, kwani kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye atakayewaletea ugonjwa kuku wenu. Chanja wazima tu. Kuku aliyekwisha kuzubaa na kuharisha kijani hatasaidiwa na tone.

Baada ya mdondo, hasara kubwa ni vifaranga. Mwewe, kicheche, baridi na mvua huwamaliza katika wiki za mwanzo. Wafunike chini ya tenga mchana na uwape maji safi na chakula chao peke yao, maana wakubwa watawanyang'anya. Kisha kuna mbinu ambayo akina mama wengi vijijini wanaijua: kuku wa kwanza akianza kuatamia, mwachie mayai mawili matatu yasiyo na kazi huku ukisubiri wenzake. Wakifika watatu au wanne, wawekee wote mayai yenye rutuba siku moja. Baada ya siku 21 vifaranga wote wanatoka pamoja. Wape mama mmoja au wawili wawalee, na hao wengine watarudi kutaga mapema.

4. Mbuzi wa maziwa ndiye ningemchagulia familia nyingi

Ana mimba ya miezi mitano, mara nyingi huzaa mapacha, na akilishwa vizuri anatoa lita moja au mbili kwa siku, kiasi kinachotosha watoto wa nyumba moja. Huko Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru mkoani Morogoro, mbuzi wa maziwa wa Norwe waliletwa miaka ya 1980 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mashamba ya kule ni ya mboga na yamesimama wima, si mahali pa kuchungia ng'ombe. Mbuzi wakapaweza, na maziwa yakaingia kwenye vikombe vya watu waliokuwa wakiyanunua mbali. Penye joto na ukame zaidi, chotara wa mbuzi wa maziwa na wa kienyeji atakaa vizuri kuliko damu safi ya Saanen.

Banda lake liinue kutoka ardhini, mita moja ukiweza, na sakafu iwe ya mbao zilizoachiana kama sentimita moja na nusu. Samadi inadondoka chini na kwato zinabaki kavu. Kama unamchunga, msubiri umande ukauke kabla ya kumtoa, kwa sababu viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye ncha za majani mabichi alfajiri. Kwa tabia hiyo moja utaokoa hela nyingi ya dawa.

5. Ng'ombe aje mwisho

Akija, awe chotara. Jersey chotara ana umbo dogo, anakula kidogo kuliko Friesian, na maziwa yake yana mafuta mengi. Kupe ndio adui mkuu, maana wanaleta ndigana kali inayoua ndama kwa kasi. Ogesha kwa ratiba, na muulize afisa mifugo kuhusu chanjo yake, ambayo mnyama huchanjwa mara moja tu.

Ndama anywe dang'a ndani ya saa sita za kwanza, bila kukosa. Mama yake akianza kupandwa na wenzake au kulia bila sababu asubuhi, mhimilishaji aitwe jioni hiyo. Dalili zikionekana jioni, aitwe asubuhi yake. Ukipitwa, unasubiri siku 21 nyingine, na wiki tatu za kumlisha bila mimba ni hasara halisi.

Akitibiwa kwa antibayotiki, maziwa yamwagwe kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa. Usiwape watoto, usimuuzie jirani. Na yale mengine yote yachemshwe.

6. Nguruwe kwa mwenye banda la kufunga tu

Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba. Chemsha makombo, usikaribishe wageni bandani. Nguruwe anayezurura kwenye kijiji chenye vyoo vichache huleta pia minyoo ya tegu, ambayo mayai yake yakimwingia mtu, viluwiluwi vyake vinaweza kufika kwenye ubongo na kumletea kifafa. Kwa hili sina ulegevu: kama huwezi kumfungia, usimfuge.

7. Nunua nyumbani kwa mtu

Mnadani nunua dume la kuchinja. Jike la maziwa lifuate kwa mwenyewe, ulione likikamuliwa jioni na asubuhi yake, uulize mama yake alitoa lita ngapi. Fungua mdomo: mbuzi mwenye meno mawili ya kudumu ana mwaka mmoja na kitu, mwenye manane amefika miaka minne. Papasa kiwele, kisiwe na vibonge. Ukimleta nyumbani, mtenge na wenzake wiki mbili.

8. Kubalianeni nani atakata majani

Baba hununua, watoto hushangilia, halafu mama ndiye anayebeba mzigo wa mabingobingo kichwani kila jioni kwa miaka. Zungumzeni kabla mnyama hajafika: nani anakamua saa kumi na moja alfajiri, nani anafagia, na hela ya maziwa inaingia mkononi mwa nani. Ningependa anayefanya kazi ndiye aishike. Mnyama aliyelelewa na mtu asiyepata chochote huanza kukosa maji, na huwezi kumlaumu mtu huyo.

9. Epuka mnyama wa msimu

Kati ya 2013 na 2014 Wakenya wengi waliingia kwenye kware, wakiambiwa mayai yake yanatibu kila kitu. Bei ilipanda, kila kijiji kikawa na kware, kisha wanunuzi wakapotea. Kabla ya kuanza na sungura au chochote kipya, tafuta watu watano wanaoishi karibu nawe ambao tayari wanakula nyama hiyo. Mnunuzi aliyekuuzia mbegu asihesabiwe.

10. Daftari na jogoo wa mbali

Andika tarehe ya kupandwa, ukijua mbuzi ni siku 150, nguruwe miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, sungura mwezi, ng'ombe miezi tisa na wiki moja. Ng'ombe mwache kumkamua miezi miwili kabla ya kuzaa. Andika pia nani ni mtoto wa nani, kwa sababu beberu akianza kupanda binti zake, utaona vitoto vinazaliwa dhaifu na maziwa yanapungua kila uzao. Kila mwaka badilishana jogoo, na kila baada ya mwaka na nusu beberu, na mfugaji wa kata nyingine. Hakuna anayetoa hela, mradi wote wawili wamechanja.