SOMO LA MTAJI: Mustang ya zamani, injini mpya, na hesabu isiyorudi

Ford Mustang ilipoingia sokoni Marekani mwezi Aprili 1964, bei yake ilianzia dola 2,368. Lilikuwa gari la kijana anayeanza kazi. Leo zile za milango miwili za miaka hiyo ni mali, na zipo karakana zinazoishi kwa kuzifanyia ukarabati wa aina yake: bodi inabaki ya zamani, lakini ndani yake hufungwa vyombo vya kisasa.

Kinachofungwa si kidogo. Injini ya V8 ya lita 5 ambayo Ford iliitoa kwa Mustang za mwaka 2011, yenye nguvu farasi 412, pamoja na breki za diski magurudumu yote, shokomzoba mpya, pawa stelingi na kiyoyozi. Mwenye gari anastarehe. Mwekezaji, hata hivyo, anauliza jambo jingine: je, fedha hizo zitarudi?

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mtu amenunua gari kwa dola 30,000, akatumia 90,000 kulitengeneza. Kwake gari hilo sasa ni la dola 120,000. Mnunuzi hana habari na stakabadhi zake. Akitoa 85,000, basi 35,000 zimekwenda. Aidha, kama mtaji wote ungekaa benki miaka miwili kwa riba ya asilimia 5 tu, ungezaa dola 12,000 na ushei. Hasara hii ya pili wengi huisahau kwa sababu haina risiti.

Gharama ni fedha iliyokwisha kutoka. Bei huamuliwa na anayenunua. Tena mwenye gari amechagua rangi, viti na redio kwa ladha yake, hivyo amepunguza idadi ya wateja.

Upande wa pili upo mnada wa Mecum, Florida, Januari 2020. Mustang ya 1968 iliyotumika katika filamu ya Bullitt iliuzwa kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada. Ilikuwa imenunuliwa 1974 kwa dola 6,000. Rangi ilikuwa imechakaa na kutu inaonekana, wala hapakuwa na mwenye akili timamu ambaye angeipeleka kwa mpiga rangi. Pale iliuzwa historia, na historia haifungwi kwa spana.

Wapo wanaopata faida kwa kubadilisha. Kampuni ya Singer ya California huchukua Porsche 911 zilizotengenezwa kati ya 1989 na 1994 na kuzijenga upya, na bei huvuka dola nusu milioni. Lakini hapo mteja hulipia jina la fundi, na huagiza kabla kazi haijaanza. Anayejenga kwanza kisha akatafuta mteja yuko katika biashara nyingine kabisa. Huyo angalau asitoboe bodi, na injini iliyotoka na gari kiwandani aihifadhi stoo, kwani mnunuzi makini ataiulizia.