Shotikati Ikigoma, Pima Kabla ya Kununua Kibodi

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tuliopanga Malimbe na Nyegezi tunaandikia ripoti kwenye kompyuta za mtumba. Bei yake inavumilika, ila nyingi zilianza kazi Ulaya na zimekuja na tabia za huko. Kwa hiyo njia ya mkato, au shotikati kama tunavyoita, ikigoma, tafuta kwanza amri inapotelea wapi. Fundi atafuata.

Ukibonyeza Ctrl na Z, amri inapita milango mitatu. Kwanza kitufe kinapeleka ishara. Pili Windows inaamua kitufe hicho ni herufi gani. Tatu programu, mfano Word, inatekeleza. Mlango wowote ukifungwa, wewe unaona kitu kilekile: ulichotaka hakijatokea. Ndo maana kubahatisha kunakula hela.

Muhula uliopita, dada mmoja tunayeishi naye nyumba moja alifuta sura nzima ya ripoti yake ya utafiti bila kukusudia. Akabonyeza Ctrl na Z ili irudi. Wapi! Akampigia fundi, akajibiwa kwamba kibodi imekufa, aandae hela ya mpya. Na bumu lilikuwa halijatoka.

Nilimwambia, "Dada, usifunge hati, tupime kwanza." Ukifunga hati, kumbukumbu ya kurudisha ulichofuta inapotea nayo. Tukabonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na O kwa pamoja, ikatokea kibodi kwenye skrini. Hapo unabonyeza kitufe halisi na kutazama kipi kinawaka. Kisipowaka chochote, mashaka yako yawe kwenye kitufe chenyewe: vumbi, chai iliyomwagika, au wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata mwanga usiku.

Yeye alibonyeza Z, ikawaka Y.

"Ukiandika 'kazi' inatoka nini?"

"Inatoka 'kayi'. Nilishazoea kurekebisha."

Alidhani ni magonjwa mawili, kumbe ni moja. Kitufe chake cha Ctrl kilikuwa kimeandikwa Strg, na hiyo ni alama ya kibodi ya Kijerumani. Kwa Wajerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi. Windows yake ilikuwa imepangwa kwa kibodi ya Kimarekani, na yenyewe inafuata nafasi ya kitufe. Maandishi ya juu yake haiyaoni. Kwa hiyo kila alipobonyeza Z, Word ilipokea Ctrl na Y, amri ya kurudia, kinyume kabisa cha alichotaka. Nikamwambia abonyeze Strg na kitufe chenye Y mara kadhaa. Sura ikarudi yote.

Ya Kifaransa ni hatari zaidi. Z yake imekaa mahali pa W ya Kimarekani, na Ctrl na W hufunga hati.

Dawa ni bure. Fungua Settings, ingia Time & Language, kwenye lugha unayotumia ongeza kibodi inayolingana na maandishi ya vitufe vyako. Kuhama kutoka kibodi moja kwenda nyingine, bonyeza kitufe cha Windows na nafasi. Kwenye ya Kijerumani, alama ya @ utaipata kwa AltGr na Q.

Kama kitufe na mpangilio viko sawa, umebaki mlango wa tatu. Jaribu shotikati hiyohiyo kwenye Notepad. Ikifanya kazi huko, kagua mipangilio ya programu iliyogoma. Ikigoma kote, huenda programu nyingine imeiteka. Funga zinazoendelea nyuma, moja baada ya nyingine, huku ukijaribu tena kila mara.

Na ukienda kununua kompyuta ya mtumba, kabla hujatoa hela fungua Notepad uandike "kazi ya Mwanza" huku ukitazama vitufe. Ikitoka "kayi za Mwanya", tatizo unalijua na dawa unayo. Usikubali kuuziwa kibodi mpya juu yake.