Mbwa wa shamba: najisi yake haituzuii kumchanja



 Ndugu msomaji, leo tuzungumze juu ya mnyama ambaye yupo katika nyumba zetu nyingi lakini hatupendi kumtaja, naye ni mbwa. Pita Kimamba, Rudewa, Ulaya, mpaka vijiji vya Mikumi vinavyopakana na hifadhi, utakuta nyumba za Waislamu zina mbwa wawili watatu. Hawakuwekwa kwa anasa. Mchana kuna nyani na ngedere kwenye mahindi, usiku kuna nguruwe pori, na kwa ndugu zetu wafugaji wa upande wa Mkata kuna fisi.

Tatizo ni namna tunavyoishi nao. Kwa kuwa tunajua hukumu ya mate yake, wengi wetu tumemweka mbali kabisa: hatumwogeshi, hatujui kama ana minyoo, na siku ya chanjo ikitangazwa hatumpeleki kwa sababu hakuna mtu wa kumshika. Kisha mbwa huyohuyo anazunguka uani, watoto wanampita kila asubuhi wakienda madrasa, na viroboto wake wanaingia ndani bila kubisha hodi.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ametahadharisha kwamba mwenye kufuga mbwa bila haja hupungukiwa na ujira wake kila siku, na humo wamevuliwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Kwa hiyo mbwa anayelinda mahindi yako ana nafasi yake katika sheria. Surat al-Maida aya ya 4 inahalalisha windo la wanyama waliofundishwa, na mbwa wamo. Na sote tunajua habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu, Allah akamsamehe. Basi mwenye kumfuga kwa haja kisha akamwacha na njaa, kiu na upele, ajiulize atajibu nini.

Ama najisi: katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, mbwa mwili mzima ni najisi nzito, na kilichoguswa naye kwa umajimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Imamu Malik anamhesabu mbwa kuwa twahara na kuosha chombo ni ibada tu, na Mahanafi wanaangalia mate yake. Siingii katika khilafu hiyo. Ninachotaka ukikumbuke ni kanuni tuliyosomeshwa sote utotoni: najisi kavu haihami kwenda kwenye kitu kikavu. Mbwa mkavu akishikwa kwa mkono mkavu, mkono haukunajisika. Ukimpeleka kwenye chanjo, mfunge kamba, vaa mifuko ya plastiki mikononi na nguo ya kazi, umshike mgongoni na shingoni mbali na mdomo. Mate yakikupata, maji yapo na udongo upo. Twahara ya mkono ni kazi ya dakika chache, lakini kichaa cha mbwa kikishaanza hakioshwi.

Na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi unaokaa katika mate na kupanda kwenye ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu. Mtu akiumwa leo, dalili zinaweza kuchukua wiki kadhaa, mara nyingi mwezi mmoja mpaka mitatu, na jeraha likiwa kichwani au usoni huwa mapema zaidi. Dalili zikishaanza, yaani kuogopa maji, kuchanganyikiwa, kushindwa kumeza, hatuna dawa ya kumrudisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka ulimwenguni, karibu vyote vinatokana na mbwa, na katika kila waliofariki kumi, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifikia karibu vifo 1,500 kwa mwaka, navyo ni vifo vinavyozuilika.

Vinazuilika kwa kuchanja mbwa. Tazama Pemba, kisiwa ambacho takriban watu wake wote ni Waislamu. Kampeni za kuchanja mbwa zilifanyika huko kuanzia mwaka 2010, ugonjwa ukatoweka. Chanjo zilipolegea ukaingia tena mwaka 2016, wakachanja upya, na mwaka 2018 ukaondoka kwa mara ya pili. Kama Wapemba wameweza kuwakamata mbwa na kuwachanja, sisi wa Kilosa tuna udhuru gani? Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa pa kupita. Anza na mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, kisha rudia kila mwaka. Afisa mifugo wa kata atakwambia siku na mahali, na kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi hutoa chanjo bure.

Mjue mbwa mgonjwa. Usisubiri povu tu. Tazama mabadiliko ya tabia: mkali amekuwa mpole kupita kiasi, mpole amekuwa mkali, anauma mti na mawe, sauti imekwaruza, taya limeanguka hawezi kumeza (watu hudhani amekwamwa na mfupa, wakaingiza mkono!), anatoka nyumbani na kutangatanga. Huyo usimshike. Mfungie kwa mbali ukiweza na umwite afisa mifugo. Kwa kawaida hufa ndani ya siku kumi.

Mtu akiumwa au akiparuzwa, kazi ya kwanza inafanyika palepale nyumbani: osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Hesabu kwa saa, maana dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Hapa nisikilizeni vizuri: usipake udongo kwenye jeraha kwa nia ya kuondoa najisi. Udongo ndani ya jeraha unaleta pepopunda, na sheria yetu haimtaki mtu ajidhuru. Sabuni na maji kwanza, suala la twahara muulize sheikh ukirudi hospitali. Usipake pia pilipili, mafuta ya taa, majivu wala utomvu wa mti, na jeraha lisishonwe kwa haraka.

Kisha uende hospitali siku hiyohiyo. Si kila zahanati ina chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo mtume mtu aulize au piga simu kabla hujapanda gari, hasa masika, Mkondoa unapofurika na barabara kukatika. Sindano ni kadhaa, kwa tarehe maalumu, ya kwanza siku unayofika, nyingine siku ya 3 na ya 7, na kama zipo zaidi utaandikiwa. Kukatisha katikati kwa kuwa jeraha limepona ni hatari, maana jeraha kupona hakuna uhusiano na virusi vilivyokwishaingia. Mjamzito na mama anayenyonyesha wanachomwa bila wasiwasi. Na kwa mwezi wa Ramadhani, wanachuoni wengi wa zama hizi wanasema sindano isiyo ya lishe haibatilishi funga.

Sasa nizungumze na wazazi na waalimu wa madrasa. Mtoto akichezea mbwa tunamchapa, tunamwambia amejinajisi, kanzu yake inavuliwa mbele ya wenzake. Adabu ya twahara ni lazima afundishwe. Lakini mtoto aliyezoea kuchapwa kwa kumgusa mbwa, siku akiumwa hatasema. Ataosha damu mtoni, atavaa suruali ndefu, atakwambia amechomwa na mwiba. Kidonda kidogo cha kifundo cha mguu kitakauka, nawe utakuja kujua baada ya miezi miwili anapokataa kikombe cha maji. Kwa hiyo, mwalimu, wiki hii kabla ya somo waambie wanafunzi waziwazi: anayeumwa, anayeparuzwa au anayelambwa kwenye kidonda au mdomoni aje aseme, na hatachapwa. Kisha litimizeni neno hilo. Wafundisheni pia kwamba mbwa akiwajia wasikimbie, kwa sababu anayekimbia hufukuzwa. Wasimame kama mti, mikono kando, wasimkazie macho, warudi nyuma polepole. Akiwaangusha, wajikunje na kuficha uso na shingo. Mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha asisogelewe.

Tuje kwenye chakula. Mbwa anayelinda shamba anahitaji mlo wa uhakika kila siku na maji safi muda wote, kwa chombo chake mwenyewe kinachokaa nje na kisichochanganywa na vyombo vya nyumbani. Ugali au pumba iliyopikwa na dagaa, vichwa vya samaki au mabaki ya nyama inatosha. Kwa mama aliye na watoto tumboni au wanaonyonya ongeza. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Na lile gunia la mahindi yaliyoota ukungu usimmwagie mbwa kwa kudhani tumbo lake ni la chuma: sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 inaharibu ini la mbwa vilevile.

Lipo jambo moja tunalifanya siku ya Idi ya kuchinja na mara nyingi machinjioni. Ini au pafu likionekana na malengelenge yenye maji, tunalikata na kumrushia mbwa. Kwa kufanya hivyo tunamlisha tegu mdogo anayekua katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, hufika kwenye mboga, maji au mikono ya mtoto, na kwa binadamu hutengeneza uvimbe wa maji katika ini au mapafu ambao mara nyingine huhitaji upasuaji mkubwa. Viungo hivyo vichomwe au vifukiwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kufukua. Mbwa apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na kinyesi chake kiondolewe uani kwa jembe, hasa pale watoto wanapocheza peku.

Viroboto nao wana siri yao. Wale unaowaona mwilini mwa mbwa ni wachache tu. Mayai hudondoka alipolala, funza wake hukua kwenye vumbi na nyufa za sakafu ya udongo, kisha hujifungia katika kifuko wakisubiri mnyama apite. Ndiyo maana ukimpaka dawa mbwa peke yake, baada ya wiki mbili wamerudi. Mwondolee mbwa gunia lake, lichome au lichemshe, pafagie pale anapolala kila siku na kumwagia maji ya moto au paachwe wazi jua kali lipige, jaza nyufa kwa udongo. Mbwa aogeshwe kwa dawa ya wanyama kwa kipimo alichokupa mtaalamu wa mifugo. Dawa za ng'ombe zisikisiwe kwa macho, wala dawa za kunyunyizia pamba zisitumike kabisa, zinaua mbwa na zinamdhuru anayemwogesha.

Tena angalia paka wako, huyo tunayemruhusu alale kitandani kwa kuwa ni twahara. Kiroboto anayesumbua mbwa kwa kawaida ni kiroboto wa paka, kwa hiyo wote wawili watibiwe pamoja. Lakini dawa ya mbwa yenye permethrini usimpake paka hata tone, itamuua. Soma karatasi ya dawa au muulize muuzaji.

Mwisho ni tabia. Mbwa anayefungwa mnyororo mfupi usiku na mchana hapati ujasiri wa ulinzi, anapata ukichaa wa hasira na humuuma wa kwanza kumfikia, ambaye mara nyingi ni mtoto wa mwenye nyumba. Mfunge mchana kwenye kivuli kwa kamba ndefu, mfungue usiku ndani ya uzio au shambani. Mtoto wa mbwa azoeshwe sauti za watu, mifugo na watoto kabla hajafikisha miezi mitatu. Umpe jina, neno moja la kumwita na neno moja la kumzuia, na nyumba nzima mtumie maneno hayohayo. Kumpiga kila mara kunamfundisha kuuma.

Kwa walio pembeni mwa Mikumi, msimwachie mbwa aingie hifadhini. Sheria inakataza, na pia magonjwa yanapita pande zote mbili: mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa ujulikanao kama distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Wala msimtume mbwa kumfukuza tembo. Atabweka vizuri sana, kisha tembo akigeuka atakimbilia miguuni pa bwana wake, na tembo nyuma yake.

Kadi ya chanjo ya mbwa iwekeni pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali ambapo hata jirani anaweza kuipata. Siku mtu akiumwa saa nane za usiku, maswali ya kwanza tutakayowauliza hospitalini ni haya: mbwa ni wa nani, yuko wapi sasa, na alichanjwa lini.