Jinsi Programu ya Simu Inavyoipata Anwani ya Baruapepe ya Mtumiaji

Mtu afunguapo programu mpya katika simu janja yake, huenda akakuta anwani yake ya baruapepe imekwisha kuonyeshwa kwenye kioo kabla hajaandika hata herufi moja. Wanafunzi wengi hudhani kwamba kila programu inaweza kuisoma anwani hiyo ipendavyo. Kwa simu za leo dhana hiyo si sahihi, ingawa kabla ya mwaka 2015 ilikuwa karibu sana na kweli. Madhumuni ya makala haya ni kueleza njia ambazo programu hupitia ili kuipata anwani ya mtumiaji, na sababu zilizofanya njia iliyo rahisi kuliko zote ifungwe.

Kazi za anwani

Anwani ya baruapepe ina sehemu mbili zinazotengwa na alama @. Alama hiyo ilichaguliwa mwaka 1971 na mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, ili kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yenye sanduku lake. Wakati ule kazi ya anwani ilikuwa moja, yaani kufikisha barua. Siku hizi imebebeshwa kazi nyingine mbili zilizo nzito zaidi. Kwanza, hutumika kama jina la kumtambulisha mtu, na kwa kuwa jina hilo ni lilelile dukani, benki na chuoni, mwenye orodha mbili tofauti anaweza kuzioanisha na kujua mengi juu ya mtu mmoja. Pili, anwani ndipo mahali pa kupelekwa ujumbe wa kubadilisha nywila iliyosahauliwa. Kwa hiyo anayelishika sanduku la baruapepe huzishika pia akaunti nyingi zilizofungwa nalo.

Orodha iliyokuwa wazi

Katika mfumo endeshi wa Android, unaotumika katika simu nyingi za Afrika Mashariki, kila programu hukaa peke yake kama mpangaji katika nyumba ya vyumba vingi. Mfumo huipa programu namba yake, na programu yenye namba moja haiwezi kufungua mafaili ya programu yenye namba nyingine. Hata hivyo vipo vitu vinavyowekwa ukumbini kwa matumizi ya wapangaji wote, kama vile orodha ya majina na namba za simu, na orodha ya akaunti zilizosajiliwa katika simu. Jina la akaunti ya Google kwa kawaida ni anwani ya baruapepe yenyewe. Basi programu iliyoweza kuisoma orodha ya akaunti iliipata anwani papo hapo, bila kumwuliza mtu swali lolote.

Ruhusa ya kuisoma orodha hiyo huandikwa GET_ACCOUNTS. Hapo awali ruhusa zote ziliombwa kwa mkupuo mmoja wakati wa kuisakinisha programu, na mtumiaji alikuwa na hiari mbili tu: kuzikubali zote au kuiacha programu. Toleo la 6.0, lililotoka mwaka 2015, lilitaka ruhusa zilizohesabiwa kuwa za hatari ziombwe wakati programu inaendeshwa, kila fungu kwa zamu yake. Lakini palibaki kasoro. Ruhusa ya akaunti iliwekwa katika fungu moja na ruhusa za orodha ya majina, hivyo mtumiaji aliulizwa kama anakubali programu iifikie orodha ya majina yake, ilhali kilichotakiwa ni anwani yake mwenyewe. Mtu aliyejibu kwa nia njema hakujua alichokuwa akikitoa.

Toleo la 8.0 la mwaka 2017 liliiondoa kasoro hiyo kwa programu zilizoandikwa kulifuata. Ruhusa peke yake haikutosha tena. Sasa mfumo wenyewe hufungua dirisha lenye akaunti zilizomo, mtumiaji huchagua moja, na programu huonyeshwa ile iliyochaguliwa tu. Ama kwa upande wa iPhone, programu za kawaida hazikupewa njia rasmi ya kuisoma anwani ya akaunti ya mwenye simu.

Hati yenye saini

Yafaa ieleweke kwamba kuijua anwani si sawa na kuthibitisha kuwa aliyeishika simu ndiye mwenye anwani hiyo. Mwanafunzi anapohamia shule nyingine, shule mpya hairidhiki na maneno yake tu. Hutaka barua ya mkuu wa shule ya zamani, yenye saini na muhuri. Kanuni ziitwazo OpenID Connect, zilizokamilishwa mwaka 2014, hufuata mwendo kama huo.

Programu humpeleka mtumiaji kwenye ukurasa wa mtunza akaunti. Huko ndiko anakotaja nywila yake, na programu haiioni. Ukurasa humjulisha kwamba programu fulani inaomba anwani yake ya baruapepe. Akikubali, mtunza akaunti hutoa hati ya utambulisho yenye sehemu tatu zinazotengwa kwa nukta. Sehemu ya kwanza hutaja aina ya saini. Ya pili hubeba habari zenyewe: nani ameitoa hati, imetolewa kwa programu gani, itakoma lini, namba ya kudumu ya mtumiaji, anwani yake, na kama anwani hiyo imehakikishwa. Ya tatu ni saini, iliyofanywa kwa ufunguo wa siri wa mtunza akaunti, na inayoweza kukaguliwa na yeyote kwa ufunguo wake wa wazi.

Saini nyingi za namna hii hutegemea namba tasa. Kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi nyepesi kwa kompyuta, lakini kuzitafuta kutokana na zao lake ni kazi isiyomalizika kwa muda wowote wa kufaa. Mwalimu wa hisabati anaweza kuanzia hapo. Lakini habari zilizomo katika hati hazikufichwa. Mtu yeyote aliyeipata anaweza kuzisoma. Kazi ya saini ni kuonyesha kwamba hati haikubadilishwa tangu ilipotolewa.

Wanaoanza kuandika programu mara nyingi huikagua saini na kusahau kuangalia hati ilitolewa kwa programu gani. Kosa hilo ni kubwa, maana mwenye programu nyingine anaweza kuichukua hati halali aliyopewa yeye, akaitumia kuingia hapa kwa jina la mtu yuleyule.

Simu isiyokuwa na sanduku la mwenyewe

Si ajabu kukuta simu ambayo akaunti yake ilifunguliwa na muuzaji dukani siku ya kununuliwa, kwa jina alilolitunga yeye na nywila anayoijua yeye. Simu nyingine hutumiwa na watu watatu au wanne wa nyumba moja. Katika hali hizo anwani itokayo kwenye simu, hata ikiwa na saini kamili, ni ya sanduku ambalo mwanafunzi hawezi kulifungua. Akiisahau nywila ya programu yake ya masomo, ujumbe wa kuibadilisha utakwenda huko, naye atakayeingia ni mwenye sanduku.

Kwa hiyo programu nzuri humwonyesha mtumiaji anwani iliyopatikana na kumpa nafasi ya kuandika nyingine, kisha hupeleka katika sanduku hilo namba fupi ya siri ambayo sharti airudishe. Njia hii ni ya zamani, lakini inathibitisha jambo ambalo hati haiwezi kulithibitisha, yaani kwamba mtu huyu analifikia sanduku leo.

Tena lipo swali linalotangulia yote: je, programu inaihitaji anwani? Programu ya kuonyesha mitihani ya zamani haina barua ya kumpelekea mtu. Namba ya kudumu iliyomo katika hati yatosha kumkumbuka. Tangu mwaka 2019 Apple humruhusu mtumiaji kutoa anwani ya badala, ambayo huzipeleka barua kwenye sanduku lake la kweli bila kulitaja. Sheria nazo zimeingia: Kenya ilitunga yake ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwanafunzi anayekusanya anwani za wenzake kwa ajili ya programu yake amekwisha kuchukua dhamana ya taarifa za watu.

Maswali

1. Namba ya siri ina tarakimu 6, na programu huruhusu majaribio 5 tofauti. Tafuta uwezekano wa mgeni kuipata kwa kubahatisha. Rudia hesabu kwa tarakimu 4.

2. Fungua mipangilio ya simu na uorodheshe programu zenye ruhusa ya kusoma orodha ya majina. Zipi zinaihitaji kwa kazi yake?

3. Programu moja humtambua mtumiaji kwa anwani yake badala ya namba ya kudumu. Eleza kitakachotokea mtumiaji huyo akibadili anwani, na anwani ya zamani ikapewa mtu mwingine.