Namna ya kupita kwenye skana ya mwili mzima bila kuvunjiwa heshima

Kabla hujafika mbele ya skana, toa kila kitu mfukoni na mwilini, si chuma peke yake. Tishu, peremende, tasbihi ya mbao, kikaratasi chenye anwani ya mwenyeji wako, noti zilizofungwa kwenye pindo la kanga au kufichwa kwenye sidiria: vyote viingie kwenye mkoba unaopita kwenye mkanda. Wengi wetu tumezoea lile lango la kugundua chuma, ambalo halina habari na leso iliyomo mfukoni. Skana ya mwili mzima kazi yake ni nyingine. Inarusha mawimbi mafupi ya redio yanayopenya nguo, yakagonga ngozi na kurudi, na chochote kilichokaa katikati kinaonekana, kiwe plastiki, karatasi au unga.

Mashine hizi zilisambaa kwa haraka kwa sababu ya unga hasa. Siku ya Krismasi mwaka 2009, Umar Farouk Abdulmutallab, kijana kutoka Nigeria, alipanda ndege ya Northwest Airlines kutoka Amsterdam kwenda Detroit akiwa na baruti ya aina ya PETN ndani ya chupi. PETN si chuma, kwa hiyo lango la kawaida halikuwa na la kusema. Baruti ilishika moto bila kulipuka ilivyokusudiwa, abiria wenzake wakamkamata, na mwaka uliofuata Marekani na Uingereza zikaanza kuzifunga skana kwa wingi.

Mashine za mwanzo, nyingine zikitumia eksirei badala ya mawimbi ya redio, zilitoa picha ya mwili kana kwamba umevuliwa nguo, na afisa aliyekaa chumba cha pembeni aliitazama. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Februari 2010 Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini lilitamka kwamba kupita humo kunakwenda kinyume cha staha ya Kiislamu; mwezi huohuo Papa Benedict XVI naye aliwakumbusha watu wa viwanja vya ndege kulinda utu wa binadamu. Shirika la kutetea faragha la EPIC, la Washington, lilikwenda mahakamani, na Julai 2011 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba skana hazivunji katiba, ila idara ya usalama wa safari, TSA, ilikosea kuzianzisha bila kwanza kupokea maoni ya wananchi. Mwaka 2012 Bunge la Marekani likaagiza kila mashine iwekewe programu ya kuficha umbo la abiria. Mashine za eksirei za kampuni ya Rapiscan zilishindwa kutimiza sharti hilo na zikaondolewa kwenye viwanja kufikia Mei 2013. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshazikataa zile za eksirei tangu Novemba 2011, kwa ajili ya afya za watu.

Nimeyataja haya kwa sababu moja: unafuu utakaoukuta leo ulipatikana kwa watu kulalamika na kushtaki. Utumie.

Leo utaambiwa usimame kwenye alama za nyayo zilizochorwa sakafuni, uinue mikono juu ya kichwa na utulie sekunde chache. Kwenye kioo kilicho nje ya mashine, ambacho na wewe unaweza kukitazama, hutokea mchoro wa mtu usio na sura, ambao ni uleule kwa kila abiria. Mashine ikitilia shaka mahali, inaweka kisanduku cha njano hapo: begani, kiunoni, kisogoni. Afisa anatakiwa kukagua palipo na kisanduku. Geuka ukiangalie kabla hujaguswa, ujue kinachotafutwa ni wapi. Na wasiwasi wa mionzi uuache nyumbani, hata kama u mjamzito, kwa maana mawimbi haya si eksirei.

Tatizo ni kwamba kisanduku cha njano hakina maana ya kitu cha hatari. Kina maana kwamba mashine imeona unene ambao haikuutarajia. Ujerumani ilizijaribu skana mbili uwanja wa Hamburg, abiria takriban 800,000 wakapita, na Agosti 2011 serikali ikasema haitaziendeleza kwa wakati ule kwa sababu zilikuwa zinalia ovyo, zikichanganywa hata na mikunjo ya nguo. Programu zimeboreshwa tangu hapo, lakini ugonjwa wenyewe haujaisha, na wanaouona zaidi ni watu wanaovaa na kusuka kama sisi. Mwaka 2019 waandishi wa ProPublica walieleza kwa kirefu jinsi wanawake weusi wa Marekani wanavyopekuliwa vichwa kila mara kwa sababu ya misuko, rasta na mawigi. Masikh wenye vilemba wana malalamiko hayohayo.

Kwa hiyo jipange kuanzia nyumbani. Kama utasukwa kwa ajili ya safari, ukweli ni kwamba nywele zilizolala au kuning'inia hazina usumbufu kama fundo kubwa la utosini au kisogoni. Fundo unaweza kulifunga ukishavuka. Vibanio vya chuma vitoe. Buibui lenye nakshi nzito za shanga kifuani na mikononi liweke kwenye mkoba wa mkononi, usafiri na jepesi lisilo na mapambo; ndani yake vaa nguo zinazokaa mwilini, maana kanga mbili zilizofungwa juu ya gauni ni mikunjo mitupu. Pedi inaweza kuleta kisanduku, na si jambo la aibu: mwambie afisa wa kike ni nini. Hirizi ya mkononi au kiunoni itaonekana. Shanga za kiunoni nazo zitaonekana, na dada zetu wengi hawalifikirii hilo mpaka afisa anapoanza kupapasa kiuno mbele ya foleni. Zivue kabla ya safari, na kama hutaki kuzivua, taka chumba cha faragha mapema, kabla hujainua mikono.

Hijabu, kofia na kilemba hulazimiki kuvivua hadharani. Nchini Marekani unaruhusiwa kupita navyo. Kimojawapo kikitiliwa shaka, kitakaguliwa kwa kuguswa. Omba ukiguse mwenyewe kote kichwani, kisha mikono yako ipanguswe kwa kitambaa cha kupimia baruti. Wakisisitiza kivuliwe, sema kitavuliwa chumbani, mbele ya afisa wa jinsia yako.

Anayetembea na pampu ya insulini au kifaa chochote kilichofungwa mwilini amuulize daktari na asome maelekezo ya mtengenezaji, kwani baadhi ya watengenezaji wanakataza kifaa chao kupitishwa kwenye skana. Huyo aombe kukaguliwa kwa mikono moja kwa moja. Kwa Marekani, TSA ina huduma ya simu ya kuwasaidia wagonjwa na wenye ulemavu, iitwayo TSA Cares. Wapigie saa 72 kabla ya ndege.

Je, unaweza kukataa skana? Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ndiyo. Kanuni zinakupa haki hiyo. Uingereza mwanzoni ilikuwa hupiti, hupandi: mapema mwaka 2010 wanawake wawili waliokuwa wanakwenda Islamabad, mmoja wao akikataa kwa sababu ya dini yake, walizuiwa kusafiri uwanja wa Manchester. Mwaka 2013 sharti hilo lililegezwa. Lakini ujue kwamba ukaguzi mbadala wa Uingereza unafanyika chumbani, unachukua muda, na unaweza kutakiwa kulegeza au kuvua baadhi ya nguo. Marekani inaruhusu kukataa kwa abiria wengi, ila tangu Desemba 2015 TSA inaweza kumlazimisha abiria fulani kupita. Ukiona herufi SSSS kwenye pasi yako ya kuabiri, jiandae kwa ukaguzi wa ziada.

Kama umeamua kukataa, sema kabla hujaingia kwenye mashine, kwa sauti ya kawaida: sitaki skana, naomba nikaguliwe kwa mikono. Usieleze sababu usipoulizwa, usibishane, wala usianze mjadala wa siasa na afisa ambaye hakuitunga sheria. Ongeza muda wa kufika uwanjani, kwa sababu utasubiri afisa wa jinsia yako. Usikubali mkoba wako usukumwe kwenye mkanda ukatangulia huku umesimama upande wa pili. Omba uwekwe mahali unapouona. Afisa anatakiwa kukueleza atakugusa wapi kabla hajakugusa, na kwenye sehemu za siri za mwili kwa kawaida atumie mgongo wa mkono. Una haki ya kuomba faragha na ya kuingia na mtu wako awe shahidi. Ushauri wangu ni kwamba usiingie chumbani peke yako kama una mwenzako wa kuingia naye.

Mzazi anayekwenda kuwatembelea watoto Minneapolis au London, na hajui Kiingereza, aandikiwe karatasi kwa Kiingereza na mwanawe: ana goti la chuma, anavaa hijabu, anaomba afisa wa kike, hawezi kuinua mkono wa kulia. Karatasi hiyo aishike mkononi pamoja na pasipoti, amwoneshe afisa kabla ya kuingia kwenye mashine. Mashine inataka mikono iinuliwe na mtu asimame wima bila kushikilia kitu. Bibi mwenye bega bovu asijilazimishe, aoneshe karatasi.

Mimi siukatai ukaguzi. Ninachokataa ni kuambiwa nikae kimya kwa sababu mashine haikosei. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba wakaguzi wa siri wa serikali ya Marekani walifaulu kupitisha silaha na baruti bandia mara 67 kati ya majaribio 70 kwenye vituo vya TSA. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa vyuo vikuu walionunua mashine ya eksirei ya Rapiscan iliyokwishatumika walionesha namna ya kuificha bastola isionekane. Mfumo wenye mianya ya namna hiyo hauna sababu ya kumfokea abiria anayeomba afisa wa kike.

Ukitendewa vibaya, usigombane pale pale, utakosa ndege. Taka kuonana na msimamizi, na ukishavuka kaa kitini uandike kwenye simu: uwanja, kituo cha ukaguzi, namba ya njia, saa, jina au namba iliyo kifuani kwa afisa, maneno aliyosema na sehemu aliyogusa. Tuma malalamiko siku hiyohiyo kwa mamlaka ya usalama, si kwa shirika la ndege, na uhifadhi nakala. Kama kilichokufanya usimamishwe ni nywele au kilemba, kitaje wazi kwenye barua, kwa sababu malalamiko yasiyotaja chanzo yanaweza kuhesabiwa kuwa ni ya foleni ndefu na hasira za safari.