Safari na Mtihani wa Urafiki katika Riwaya ya Tschick

Utangulizi

Motifu ya safari si ngeni kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili. Katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, Kongowea anaondoka Tanga na kuelekea Kenya kumtafuta babake. Makala haya yanachunguza motifu hiyo pale ambapo wasafiri ni wawili, tena vijana. Mfano unaotumiwa ni Tschick (2010), riwaya ya Mjerumani Wolfgang Herrndorf, iliyopata Tuzo ya Fasihi ya Vijana ya Ujerumani mwaka 2011. Hoja kuu ni kwamba safari huujenga urafiki, lakini mtihani wake mkubwa huja baada ya safari kwisha.

Wasafiri na Safari Yao

Maik na Tschick wana umri wa miaka 14 na wanasoma darasa moja mjini Berlin. Maik ni mtoto wa nyumba kubwa yenye bwawa la kuogelea, ila mamake ni mlevi na biashara ya babake imeporomoka. Tschick ni mhamiaji maskini kutoka Urusi. Wote wawili hawakualikwa kwenye sherehe ya msichana ambaye darasa zima linamwania. Likizo inapofika, Tschick anakuja na gari kuukuu aina ya Lada ambalo si lake, nao wanaondoka kwenda Walachei, anakodai kwamba babu yake anaishi. Hawana ramani. Kejeli ya mwandishi ni kwamba neno hilo kwa Kijerumani humaanisha pia mahali pasipojulikana.

Mhakiki Mrusi Mikhail Bakhtin alieleza kwamba barabara katika riwaya huwakutanisha watu ambao tabaka limewatenganisha. Ndivyo ilivyo hapa. Ndani ya gari, mali ya Maik na umaskini wa Tschick havina uzito. Kinachohesabika ni nani ana chakula na nani anaweza kuendesha. Tschick anapoumia mguu, Maik, aliyejiona kijana baridi asiye na lolote, analazimika kushika usukani. Aidha, ni safarini ambapo Tschick anamfunulia mwenzake kwamba havutiwi na wasichana. Maik hamcheki wala hamkimbii.

Mtihani Wenyewe

Herrndorf anatumia mbinu rejeshi: riwaya inaanzia kwa polisi, baada ya ajali iliyohusisha lori la nguruwe. Kwa hiyo tangu mwanzo msomaji anajua kwamba wasafiri hawakufika. Taharuki inahama kutoka swali la kufika hadi swali la kitakachobaki kati yao.

Jibu linapatikana nyumbani. Babake Maik anamtaka mwanawe aiambie mahakama kwamba kosa lote ni la yule Mrusi. Ushauri huu una mantiki yake: Tschick ni mgeni, maskini, tena ana sifa mbaya shuleni, hivyo uongo huo ungeaminika kwa urahisi. Maik anakataa, anapigwa na babake, na mbele ya hakimu anashikilia kwamba walifanya pamoja. Ikumbukwe kuwa gari lilipopata ajali, aliyekuwa akiendesha ni Maik mwenyewe.

Hapa ndipo tabaka, lililosahaulika barabarani, linaporudi na kudai haki yake. Njiani uaminifu wa Maik haukumgharimu kitu, kwani shida ilikuwa ya wote. Mahakamani anao mlango wa kutokea peke yake, na anaufunga kwa hiari.

Hitimisho

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Riwaya ya Tschick inaiongezea methali hii sharti moja: dhiki inayopima zaidi ni ile ambayo mmoja anaweza kuikwepa kwa kumtwisha mwenzake. Mhakiki wa motifu ya safari asiishie pale msafiri anapofika au anapokwama. Achunguze pia marejeo, na hasa maneno ambayo msafiri anayasema juu ya mwenzake ambaye hayupo kujitetea.