Kumbikumbi na Mtoto Aliyepungukiwa Damu

SWALI: Daktari, mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Tangu juma lililopita viganja vyake vimekuwa vyeupe, hachezi, na kila jioni mwili humchemka. Mama mkwe asema kumbikumbi wameanza kutoka, nimkaangie na kumpa pamoja na juisi ya rozela kwa majuma mawili, damu itarudi. Isiporudi ndipo niende hospitali. Je, ni kweli kumbikumbi huongeza damu? Mama wa Mngeta.

JIBU: Mama, kabla hujaendelea kusoma, mbebe mtoto umpeleke zahanati leo, kwa maana mtoto mwenye viganja vilivyopauka na homa ya jioni, katika bonde hili la Kilombero lenye mashamba ya mpunga na mbu wake, hapaswi kungojea kesho, seuze majuma mawili.

Katika kuwasifu kumbikumbi, mama mkwe hakukosea. Mvua za kwanza zinapoanguka, taa ikawekwa nje juu ya beseni la maji, wadudu wale wakaingia kwa mamia, kisha wakakaangwa katika mafuta yao wenyewe pasipo kuongezewa tone, wakapepetwa kwenye ungo hata mbawa zikaruka zote, hicho ni chakula chema, chenye protini, mafuta, madini ya chuma na zinki, kama walivyo senene kwa ndugu zetu Wahaya. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2013, lilitaja zaidi ya aina 1,900 za wadudu waliwao duniani, na likabainisha kwamba nyenje huhitaji sehemu moja tu kwa sita ya malisho ya ng'ombe ili kutoa kiasi kile kile cha protini. Kwa hiyo anayewadharau walao kumbikumbi ndiye asiyejua chakula.

Lakini chakula ni chakula, na dawa ni dawa. Nami nimechoka kuwapokea watoto ambao wazee wao, kwa mapenzi na nia safi kabisa, walichanganya mambo haya mawili. Sitakuchosha kwa habari za uboho na wengu. Yatosha ujue kwamba vimelea vya malaria huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua, nazo hupasuka upesi kuliko mwili unavyoweza kuunda nyingine, hata ukilishwa vizuri namna gani. Na chuma kilichomo chakulani huhitaji majuma mengi kabla hakijageuka kuwa damu. Kumlisha kumbikumbi mtoto mwenye malaria isiyotibiwa ni kujaza mpunga katika gunia lenye tundu chini.

Ushahidi wa jambo hili tunao papa hapa nyumbani. Ifakara, ambako Waswisi walifungua maabara yao mwaka 1957 iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, ulifanyika uchunguzi kwa watoto wachanga, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1997: madini ya chuma yalipunguza upungufu mkubwa wa damu kwa kiasi cha asilimia 29, ilhali dawa ya kuzuia malaria iliupunguza kwa asilimia 57. Na chuma chenyewe kilikuwa dawa iliyopimwa, si kiganja cha kumbikumbi.

Kwa nini basi dhana hii haifi? Kwa sababu homa ya malaria huja na kuondoka. Mtoto alishwa kumbikumbi jioni, asubuhi homa imetulia, aomba uji, acheka, na nyumba nzima yashukuru kwamba dawa imeshika. Kumbe vimelea vingali kazini, na kila siku ya furaha ile damu yapungua. Rozela nayo imepata sifa kwa rangi yake tu, kana kwamba wekundu wa maji waweza kuhamia mishipani. Mtoto wa namna hii aghalabu huletwa kwetu usiku, mbavu zikibonyea kwa kila pumzi, damu imeshuka hadi gramu 3 au 4 kwa desilita, na baba hana budi kuzunguka kutafuta watu wa kumtolea damu. Wengine huletwa wakiwa katika degedege, baada ya siku nzima ya kufukizwa. Wengine hatuwahi.

Sikubali udhuru katika jambo hili. Ndugu zetu wa Ulanga walikuwa na udhuru wa kivuko, nao ulikwisha daraja la Mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018. Kipimo cha malaria huchukua tone la damu na dakika chache, na dawa ya mseto ipo. Kisipoonyesha malaria, usirudi nyumbani umeridhika: sharti itafutwe safura ya minyoo, au selimundu, au kasoro ya lishe. Na mtoto akipumua kwa haraka, akishindwa kunyonya au kula, akilegea asiamke vema, au akishikwa na degedege, zahanati isiwe mwisho wa safari, bali afikishwe hospitali papo hapo.

Akisha kutibiwa, mpe kumbikumbi, nami nitafurahi. Usimpe wazima, kwa kuwa mtoto wa umri wake hupaliwa. Watwange katika kinu hata wawe unga, ukoroge katika uji. Usiwaokote penye kichuguu kilichomwagiwa dawa ya mchwa, wala panzi wa shamba lililonyunyiziwa sumu, maana kukaanga hakuondoi sumu. Na kama nyumbani mna mtu avimbaye midomo au kuwashwa mwili akila kamba, asiwaguse kumbikumbi.

Leo utakapokwenda, mwombe mama mkwe mfuatane, akae nawe mbele ya mganga, na kipimo kitakapotoka akione kwa macho yake.